Jicho Lenye Kipimo

Katika shamba la majaribio ya wimbi, mistari inayovutia macho ni ya namna mbili: iliyokauka kabisa na isiyo na doa hata moja. Mgeni huipiga picha hiyo na kwenda zake. Mtu ninayetaka kumsifu huipita upesi, akiiandikia alama zake bila kusita, kisha huchutama mbele ya mistari ambayo mgeni hakuiona. Mmoja una madoa, lakini si mengi. Jirani yake nao una madoa, si mengi vilevile. Wa kwanza umeliwa asilimia 8 ya majani yake, wa pili asilimia 15. Kuiona tofauti hiyo, kuiamini na kuiandika ndiyo kazi yake.

Tunawasifu wazalishaji wa mbegu, na wanastahili. Mbegu mpya ikitangazwa, gazetini hutoka picha ya suke lililojaa na mzalishaji akilishika kwa fahari. Lakini mzalishaji huchagua kutokana na tarakimu alizoletewa, na tarakimu hizo zilitoka kwenye jicho la mtu aliyechutama matopeni na ubao wa kuandikia mapajani. Jicho likikosea, mzalishaji huchagua vibaya huku ana imani kamili. Mstari mzuri hutupwa, mstari uliobahatika huhifadhiwa, na hakuna anayejua mpaka misimu kadhaa ipite, mbegu ikiwa tayari imo mikononi mwa mkulima wa Keroka au Ogembo. Ndiyo maana nauona upimaji wa magonjwa ya majani kuwa ufundi kamili, wenye uanafunzi wake, nidhamu yake na uzuri wake.

Nimechagua wimbi kwa sababu vilima vya Kisii na Nyamira ni nchi ya wimbi kabla ya kuwa nchi ya kitu kingine chochote. Mahindi yalipokuwa bado mageni, Abagusii, wenyeji wa vilima hivyo, walikula obokima, yaani ugali, wa wimbi, walikunywa uji wake, na pombe ya sherehe zao ilitokana nalo. Kisha mahindi yakaenea wakati wa ukoloni, kahawa na chai zikachukua miteremko, na obori, kama wenyewe wanavyoliita, likasukumwa kwenye vipande vidogo. Halikufa. Akina mama wangali wanalipanda kwa ajili ya uji wa watoto na wa mzazi aliyetoka kujifungua. Gramu 100 za nafaka yake zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, na sokoni bei yake kwa kawaida huipita ya mahindi. Mahali ambapo familia nyingi hulima chini ya ekari mbili, zao la thamani hiyo si la kuachiwa ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni blasti. Unaletwa na kuvu iitwayo Pyricularia, ya ukoo ule ule unaoshambulia mpunga kote duniani na ambao mwaka 1985 ulionekana kwenye ngano nchini Brazil. Kijimbegu cha kuvu hii kikitua kwenye jani lenye umande hujenga kifuko kidogo cheusi, na ndani ya kifuko hicho msukumo hupanda hadi kufikia mara 80 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Kwa nguvu hizo hutoboa ngozi ya jani. Siku chache baadaye doa hujitokeza: limechongoka ncha zote mbili, katikati ni kijivu, ukingoni ni kahawia inayoelekea wekundu. Asubuhi yenye unyevu, kile kijivu cha katikati hufunikwa na vumbi laini la vijimbegu vipya vinavyongoja upepo. Baadaye ugonjwa hupanda shingoni mwa suke na kwenye vidole vyake, na hapo ndipo mavuno hupotea, vidole vikibaki vimesimama wima bila punje ndani. Mvua za Gusii, ambazo sehemu nyingi huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, huipa kuvu hii kila inachohitaji.

Jicho la kazi hii halikuanzia maabara. Wakulima wengi hupanda wimbi kwa kumwaga mbegu, na palizi yake ni ya mkono, mtu akiinama kutwa nzima. Kati ya miche huota magugu ya ukoo wake mwenyewe, wimbi-mwitu na lile gugu ambalo wanabotania huliita Eleusine indica, na yote yakiwa na urefu wa kidole hufanana na mche kiasi cha kumchanganya mtu mwenye shahada. Wanawake wa egesangio, kikundi cha kulimiana kwa zamu, hung'oa gugu na kuuacha mche bila kukatiza mazungumzo. Hutazama shina lilivyo bapa karibu na udongo, hutazama rangi, na mkono huamua. Msaidizi wa utafiti aliyekulia katika palizi hiyo, naamini, huanza kujifunza kupima blasti akiwa ameshapata nusu ya ujuzi, kwa kuwa amezoea kutazama majani kwa subira na kutoridhika na mfanano wa juu juu.

Ile nusu nyingine ni ngazi ya alama. Ngazi ya blasti inayojulikana zaidi ilitungwa kwa ajili ya mpunga katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, kule Los Baños, Ufilipino, na wapimaji wa wimbi wamejitengenezea zao kwa mfano wake. Ile ya mpunga huanzia 0, jani safi, hadi 9. Alama 1 ni vitone vya kahawia vya ukubwa wa ncha ya pini. Alama 2 ni vidoa vya kijivu vya mviringo, milimita 1 hadi 2, kwenye majani ya chini. 3 ni vidoa hivyo hivyo vikiwa vimefika majani ya juu. Kuanzia 4 doa ni lile kamili lenye kuchongoka, na sasa kinachohesabiwa ni eneo la jani lililoliwa: 4 ni chini ya asilimia 4, 5 ni kutoka 4 hadi 10, 6 ni 11 hadi 25, 7 ni 26 hadi 50, 8 ni 51 hadi 75, na 9 ni zaidi ya hapo.

Mtu akiikariri tu ngazi hii hataona kwamba ndani yake mna maswali mawili. Hadi alama 3 tunauliza doa ni la namna gani. Kuanzia 4 tunauliza limekula kiasi gani. Kile kitone cha ncha ya pini ni habari kubwa: kuvu iliingia, na mmea ukaziua seli zake wenyewe pale pale ili mvamizi afe njaa. Doa kamili lililo peke yake kwenye jani zima ni habari nyingine kabisa, hata kama kwa mbali majani yote mawili yanaonekana safi. Kuvu imefaulu, imekula, itazaa. Mpimaji mzuri haruki kutoka 1 hadi 4 kwa haraka. Hutoa lenzi mfukoni, hulikunja jani juu ya kidole cha shahada ili litanuke, na kuutafuta ule ukingo wa kahawia na kijivu kilichomo ndani yake.

Na kwa kuwa vidato vya ngazi havilingani upana, tarakimu zake hazipaswi kutendewa ovyo. Chukua kipande ambacho nusu ya mimea ina alama 4 na nusu ina alama 8. Ukitafuta wastani wa alama unapata 6, yaani asilimia 11 hadi 25. Sasa rudi kwenye majani yenyewe: nusu imeliwa kama asilimia 2, nusu kama asilimia 63, na wastani wake ni asilimia 32 na ushei. Hiyo ni alama 7. Ugonjwa ule ule, shamba lile lile, ila mwenye kikokotoo ameupunguza bila kujua. Ndiyo maana wapimaji makini wa siku hizi, panapowezekana, huandika asilimia moja kwa moja na kuziacha alama za vidato kwa kazi ya kuchuja haraka mistari mingi.

Asilimia, hata hivyo, ina hila zake. Chukua jani la wimbi lenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 1. Doa lililochongoka ncha zote mbili, urefu sentimita 1 na upana milimita 4 katikati, ni sehemu ya mia mbili ya jani hilo. Madoa mawili ndiyo asilimia 1. Madoa 10, ambayo kwa jicho la mtu wa kawaida ni jani lililoharibika, ni asilimia 5 tu. Mwambie mtu asiyefundishwa akadirie, naye atataja 15 au 20 kwa moyo mweupe. Jicho huvutwa na doa na kulisahau jani. Madoa madogo mengi hulidanganya zaidi ya madoa makubwa machache yenye eneo lile lile, na jambo hilo limethibitishwa mara nyingi na watu waliolinganisha makadirio ya jicho na vipimo vya mashine. Kisha kuna mazoea ya kupenda tarakimu za kufunga hesabu: mtu husema 10, 20, 25, 50, na mara chache sana 13 au 37. Kila anayezungusha hivyo anafuta kidogo ile tofauti ambayo mzalishaji anaitafuta.

Binadamu wamehangaika na udhaifu huu kwa zaidi ya karne. Nathan Cobb, akiwa Australia mwaka 1892, alichora majani ya ngano yenye kutu kwa viwango vitano ili mtu alinganishe jani la shambani na mchoro. Mwaka 1945 Wamarekani wawili, Horsfall na Barratt, walidai kwamba jicho halioni asilimia kwa ulinganifu: chini ya nusu hutazama kilichougua, juu ya nusu hutazama kilicho kizima, na penye nusu huwa butu. Wakatunga ngazi ya vidato 12, vyembamba kwenye ncha na vipana katikati, kutoka 25 hadi 50, kutoka 50 hadi 75. Ngazi hiyo ilienea duniani, ikatumiwa kwa miongo kadhaa na watu waliodhani imejengwa juu ya sheria ya maumbile. Mwaka 2006 watafiti Nutter na Esker walipoijaribu dhana hiyo kwa vipimo, waliona kwamba jicho lililofundishwa huona tofauti za katikati vizuri kuliko ilivyodaiwa. Mtu aliweza kutenganisha 30 na 45, na ngazi ndiyo iliyokuwa ikimlazimisha kuyaweka mafungu mawili kwenye kikapu kimoja.

Hilo linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu katikati ndipo palipo na mali. Historia ya Afrika Mashariki yenyewe inatuonyesha. Mwaka 1949 kutu ya mahindi kutoka tropiki za Amerika, Puccinia polysora, ilionekana Afrika Magharibi, na kufikia 1952 ilikuwa imefika huku kwetu. Pale Muguga, nje ya Nairobi, H. H. Storey na wenzake walichuja mahindi ya kutoka ng'ambo na kupata jeni zilizoizuia kabisa kutu hiyo, wakazipa majina Rpp1 na Rpp2. Upimaji wake ulikuwa rahisi, kwa kuwa mmea ama ulikuwa na kutu ama haukuwa nayo. Lakini kuvu ilikuwa na makundi zaidi ya moja, nayo yakapewa majina EA1, EA2 na EA3, na jeni iliyolizuia moja haikulizuia jingine. Wakati huo huo, mashambani kwa watu, mahindi yaliyoumwa kidogo yalizaa kuliko yaliyoumwa sana, yakapandwa tena, msimu baada ya msimu, mpaka kutu ikawa jambo dogo. Hakuna jeni moja iliyofanya kazi hiyo. Zilikuwa nyingi, kila moja ikipunguza kidogo.

Mwaka 1963 J. E. van der Plank wa Afrika Kusini alizipa namna hizo mbili maelezo ambayo watu wanayatumia hadi leo: ukinzani wima, ulio wa ndiyo au hapana, na ukinzani mlalo, ulio wa kiasi. Ule wa kwanza hupendeza na mara nyingi huvunjika, kwa kuwa kuvu inahitaji badiliko moja tu ili kuupita. Wa pili hauvutii macho. Unaupata kwenye mistari yenye madoa machache kuliko jirani, madoa madogo kuliko jirani, yanayochelewa siku mbili au tatu kutoa vijimbegu. Ili kuukusanya, mzalishaji lazima achague 8 badala ya 15, kisha kizazi kinachofuata achague 5 badala ya 9. Mpimaji asiyeweza kuziona tofauti hizo anamwachia ukinzani wima peke yake, yaani mbegu itakayosifiwa leo na kulaaniwa baada ya misimu michache. Kwa imani yangu, hakuna hoja nyingine inayouinua ufundi huu kuliko hiyo.

Basi jicho hufundishwaje? Kwanza kwa michoro na picha za majani ambayo eneo lake lilipimwa kwa mashine: hili ni asilimia 1, hili 4, hili 12, hili 30. Mwanafunzi hupewa majani asiyoyajua, hukadiria, huonyeshwa jibu, hukadiria tena. Makosa yake huandikwa, kwa kuwa kila mtu ana upande wake wa kuegemea. Kuna anayezidisha penye madoa madogo, kuna anayeogopa kwenda juu ya 50. Akishajua upande wake hujirekebisha. Mazoezi hayo hayafanywi mara moja yakaisha. Asubuhi ya kupima, kabla ya kugusa mstari wa kwanza, mpimaji hupitia tena picha zake, maana jicho linalobadilika kati ya asubuhi na alasiri ni kibaba kilichotoboka: mnunuzi wa mwanzo na wa mwisho hawapati unga sawa.

Halafu huja nidhamu ya shamba. Kati ya mistari ya majaribio hupandwa aina inayougua sana, ili ugonjwa usambae kwa wote kwa haki. Pasipo hivyo, mmea uliokosa kuvu hufikiriwa umeishinda. Mbolea ya naitrojeni hulinganishwa, kwa kuwa mche ulioshiba naitrojeni huvutia blasti. Wapimaji wakiwa wawili hawagawani kipande kimoja. Kila mmoja huchukua rudio zima la jaribio, ili tofauti ya macho yao isichanganyike na tofauti ya mbegu. Umande huachwa ukauke. Mpimaji hulipa jua mgongo na kulitazama jani kwa mwanga ule ule kila mara. Jani la kulipima huamuliwa mapema, kwa sababu jani changa huumwa kwa urahisi kuliko jani lililokomaa, na yule anayechagua jani lolote lililo karibu na mkono anapima umri akidhani anapima ukinzani.

Huku Gusii kuna jambo moja zaidi. Nyamira na Kisii ni nchi ya mvua ya mawe. Wingu likifunga alasiri juu ya Manga au Kebirigo, chai yote ya mteremko inaweza kuraruliwa kwa dakika chache, na wimbi halisalimiki. Siku kadhaa baadaye sehemu zilizopigwa huwa kahawia, hukauka, na kwa haraka huonekana kama ugonjwa. Mpimaji lazima ajue kwamba jeraha la mawe halina umbo la doa: limechanika, limelala upande mmoja wa majani yote, halina ukingo wa kahawia wala kijivu cha vijimbegu. Kuna pia majani ya chini yanayokufa kwa uzee, na kuna doa la Bipolaris, kuvu nyingine ya wimbi, lililo refu na jeusi zaidi. Kuvitenga hivi vyote kwenye jani moja lenye urefu wa mkono, mvua nyingine ikikaribia, ni kazi ambayo sijui ni kwa nini haipewi heshima ya daktari anayesoma picha ya mapafu.

Kinachonivutia zaidi ni lile sharti la kutojua. Kwenye karatasi ya mpimaji mistari haina majina, ina namba tu, na imepangwa kwa kura. Sababu yake ni nzuri. Imeonekana mara nyingi kwamba wimbi lenye punje za rangi iliyokolea na suke lililofumba huumwa kidogo kuliko leupe lenye suke lililofunguka. Mpimaji akisoma kwamba mstari wa mbele yake ni Enaikuru, mbegu ya wenyeji wa Kisii, au ni P-224 iliyotoka Uganda, jicho lake litaona anachokitarajia. Si kwa hila. Ni maumbile ya jicho kuona lilichoahidiwa. Macho hayana pazia, husema Waswahili, na hapa tunaona kwamba yana upendeleo pia. Kwa hiyo mtu anayeyajua majina yote kwa moyo hukubali kufanya kazi kama asiyejua lolote, akiutazama mstari 47 kwa kile tu kilichomo kwenye mstari 47. Huo ni uadilifu ambao mahakama nyingi zingetamani kuwa nao.

Tena kupima mara moja hakutoshi. Mbegu mbili zinaweza kufika mwisho wa msimu zote zimeliwa asilimia 40. Ya kwanza ilikuwa asilimia 10 siku ya kwanza ya kupimwa, 30 baada ya siku kumi, 40 baada ya siku kumi nyingine. Ya pili ilikuwa 2, kisha 8, kisha 40. Anayekuja mwishoni huziandika sawa. Anayekuja mara tatu huchora mstari wa ugonjwa ulivyopanda na kuhesabu eneo lililo chini yake: ya kwanza hupata 550, ya pili 290. Ya pili ilipata muda wa kulisha suke lake kabla majani hayajaharibika. Hesabu hiyo, iliyoenea baada ya Shaner na Finney kuitumia mwaka 1977 walipopima ukungu wa unga kwenye ngano nchini Marekani, ni ya mtoto wa sekondari, lakini humtaka mtu arudi shambani tarehe zilizopangwa, kunyeshe kusinyeshe, hata barabara ya kuingia Borabu ikiwa tope tupu.

Kila zao linataka jicho lake. Kwenye migomba, ambayo imejaa kila boma la Kisii, mpimaji wa sigatoka nyeusi huhesabu kutoka jani jipya kwenda chini mpaka afike jani changa kuliko yote lililo na madoa yaliyokauka. Kadiri jani hilo lilivyo chini ndivyo mgomba ulivyo mkinzani. Kwenye maharagwe, doa hufungwa na mishipa ya jani likawa na pembe. Kwenye mahindi, doa la kijivu lililoingia Kenya katikati ya miaka ya 1990 hukatwa na mishipa likawa mstatili ulionyooka. Kwenye kahawa, ambayo Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kuilima katika miaka ya 1930, hugeuzwa upande wa chini wa jani kutafuta unga wa rangi ya machungwa. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010 zimepita mikononi mwa watu waliogeuza majani hivyo kwa miaka mingi, na majina yao hayapo kwenye mfuko wa mbegu.

Sasa kuna simu. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na shirika la FAO, humtambulishia mkulima magonjwa ya muhogo kwa kamera, hata pasipo intaneti. Kompyuta huhesabu vitone vya picha na kutoa asilimia bila kuchoka wala kupenda 25. Nafurahia hilo kwa dhati, na ningependa kila kituo cha utafiti wa wimbi kipate chombo cha namna hiyo. Lakini hesabu hiyo hufanyika vizuri zaidi kwa jani lililonyooshwa juu ya karatasi nyeupe. Jani la shambani limejikunja, limefunikwa na jingine, limeraruliwa na mawe. Na programu ilijifunzia wapi kwamba hili ni doa la blasti na lile ni la uzee? Kwenye maelfu ya picha ambazo mtu mwenye jicho lenye kipimo alikaa akaziwekea alama moja baada ya nyingine. Akikosea yeye, mashine hukosea pamoja naye, kwa kasi kubwa zaidi.

Limebaki jambo moja ambalo watu wa bajeti husahau. Kila msimu, kati ya mistari mipya, hupandwa mbegu za zamani zinazojulikana, P-224 au Gulu E au Enaikuru, na hupimwa kama nyingine zote. Hazitafutiwi sifa mpya. Zipo ili zipimwe mwaka hadi mwaka. Tuseme mbegu iliyokuwa ikipata alama 3 inapata 6 msimu huu, na mvua ilikuwa ya kawaida, mbolea ile ile, mistari ya kueneza ugonjwa ile ile. Kama jicho limetunzwa, hiyo ni habari nzito: kuvu imebadilika, na mzalishaji bado ana nafasi ya kutafuta ukinzani mwingine kabla vidole havijakauka mashambani Nyamira nzima. Kama jicho halikutunzwa, kama mpimaji ni mgeni aliyefundishwa nusu saa, hakuna anayeweza kusema kama ni kuvu au ni yeye, na msimu mzima unapotea katika ubishi. Kwa hiyo daftari la alama liandikwe jina la aliyezitoa, liambatanishwe na picha za majani aliyofundishiwa na makosa yake ya asubuhi ya kupima, na lihifadhiwe kituoni kwa ulinzi ule ule unaopewa mbegu zenyewe. Na msaidizi wa utafiti aliyepima wimbi kwa miaka mingi asiachwe aende zake kwa sababu mkataba wa mradi umekwisha.